Bendi ya WITCH na Muziki wa Zamrock Nchini Zambia

Msomaji anayefungua kitabu cha utamaduni wa taifa hutarajia kukuta humo habari za ngoma, marimba, ngano, jando na unyago. Pengine atashangaa kukuta gitaa la umeme. Hata hivyo, makala haya yanakusudia kueleza historia ya bendi moja ya vijana wa Zambia, nchi jirani yetu, ambayo kati ya mwaka 1972 na 1984 ilitoa santuri saba za muziki wa roki, na ambayo kwa maoni yetu inastahili kutajwa katika utamaduni wa Afrika huru kama inavyostahili kwaya au kikundi cha ngoma. Bendi hiyo ilijiita WITCH, neno la Kiingereza lenye maana ya mchawi. Herufi zake tano zilikuwa pia ufupisho wa sentensi ya lugha hiyo hiyo isemayo kwamba wamekusudia kuleta fujo. Si vigumu kukisia jina hilo liliwaingiaje wazee. Katika nchi zetu, ambako tuhuma ya uchawi yaweza kumhamisha mtu kijijini kwake, kijana anayepanda jukwaani na kujitangaza mchawi hafanyi mzaha mdogo.

Muziki waliopiga vijana hawa na wenzao wa wakati huo uliitwa Zamrock, yaani roki ya Zambia, na jina hilo huhusishwa na mtangazaji wa redio Manasseh Phiri. Namna ya roki iliyowavutia zaidi ni ile iliyozuka Marekani na Uingereza katikati ya miaka ya 1960, iitwayo saikedeliki. Muziki huo hukusudia kumtoa msikilizaji katika hali yake ya kila siku na kumtia katika hali kama ya mtu aliye njozini. Sauti ya gitaa hupitishwa katika vifaa vinavyokanyagwa kwa mguu, kimoja huikwaruza, kingine huifanya ilie kama mtoto anayebembelezwa. Mwangwi huongezwa. Kipande kifupi hurudiwarudiwa mpaka anayesikiliza asahau kilianza lini. Mtu aliyewahi kukesha katika ngoma ya pepo ataelewa jambo hili upesi kuliko aliyelisoma kitabuni.

Asili ya habari yetu ni migodini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 makampuni ya kigeni yalichimba shaba kwa wingi katika nchi iliyoitwa wakati huo Rhodesia ya Kaskazini, na miji ya Kitwe, Ndola, Mufulira, Luanshya na Chingola ikaota kandokando ya mashimo hayo. Wafanyakazi walitoka kila upande: Wabemba kutoka kaskazini, Walozi kutoka magharibi, watu wa Nyasaland, hata Wanyakyusa kutoka Tanganyika. Kambi za wachimbaji zikawa mahali pa lugha nyingi na ngoma nyingi, na humo ndimo gitaa kavu lilimopata wenyeji. Ng'ambo tu ya mpaka, katika Katanga, alikuwako Jean Bosco Mwenda, fundi wa gitaa aliyeimba kwa Kiswahili. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimrekodi, na sifa zake zikaenea Afrika ya Kati na ya Mashariki yote. Wakoloni walikuwa wameuchora mpaka baina ya shaba ya Wabelgiji na shaba ya Waingereza, lakini nyimbo zilipita bila pasi.

Pamoja na gitaa ilikuja redio. Kituo cha Lusaka kilitangaza kwa lugha za Kiafrika, na mwaka 1949 ikaanza kuuzwa redio ndogo ya betri kwa bei ya pauni 5. Kwa kuwa umbo lake lilifanana na sufuria, ikaitwa redio ya sufuria. Katika kituo hicho Alick Nkhata, mtangazaji na mwanamuziki, alizichukua nyimbo za jadi za makabila mbalimbali akazipangia gitaa na sauti za kupokezana, na kazi hiyo ikasikika hadi vijijini. Ni muhimu kumkumbuka Nkhata, maana wapo wanaoandika kana kwamba gitaa lilishuka Zambia mwaka 1970 pamoja na nywele ndefu. Vijana wa Zamrock walikuwa kizazi cha pili, au tuseme cha tatu, cha watu waliolisikia gitaa likipiga nyimbo za kwao.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Wakati huo wananchi wake waliomaliza chuo kikuu walikuwa takriban 100 tu. Serikali ya Rais Kenneth Kaunda ilijenga shule kwa kasi, na fedha za kujengea zilitoka katika shaba, iliyoleta zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya nchi za nje. Mwaka 1969 serikali ilitangaza kuchukua asilimia 51 ya hisa za migodi. Kwa hiyo kilitokea kizazi ambacho hakikuwahi kuwako kabla yake: vijana wa mjini waliofika sekondari, waliokua wakisikiliza redio, ambao baba zao walikuwa na mshahara wa mwezi. Santuri za Rolling Stones, Jimi Hendrix, Deep Purple na James Brown ziliwafikia. Wakaunda bendi, na mwanzoni walichofanya ni kuiga. Walipiga nyimbo za Wazungu na za Wamarekani Weusi neno kwa neno, na aliyesifiwa zaidi ni yule aliyeiga bila kukosea.

Hatua hiyo ya kuiga isidharauliwe. Mwanafunzi wa ushairi hujifunza mizani kwa kukariri tungo za wengine kabla hajathubutu kutunga ubeti wake mwenyewe. Jambo la kuchunguza ni lini na kwa nini vijana wale waliacha kukariri.

Mwimbaji wa WITCH alikuwa Emanyeo Chanda. Mashabiki walimwita Jagari, kwa kumfananisha na Mick Jagger wa kundi la Rolling Stones. Tazama jinsi jina hilo lilivyotendewa: limepata irabu ndani yake na nyingine mwishoni, likakaa kinywani mwa Mbantu kama lilivyokaa neno shati au baiskeli. Nadhani hakuna mfano mfupi zaidi wa mambo ambayo bendi nzima ilikuja kuufanyia muziki wa roki. Chris Mbewe alipiga gitaa la solo, John Muma gitaa la kusindikiza, Gedeon Mulenga besi, Paul Mumba kinanda, na Boidi Sinkala drams.

Santuri yao ndefu ya kwanza, Introduction, ilitoka mwaka 1972, na yatajwa kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa za bendi ya roki ya Zambia. Mwaka 1974 ikafuata In the Past. Hapa ndipo penye jambo ambalo wanafunzi wa leo, waliozoea kila kitu kupatikana kwa kubonyeza, huenda wasilione. Hapakuwa na kampuni nyuma ya vijana hao. Bendi iligharimia yenyewe santuri hizo mbili, ikazitoa kwa nakala chache, na kuziuza mikononi mwao kwa watu waliokuja kuwatazama. Studio zilikuwa chache na vifaa vyake haba. Kwa sababu hiyo sauti ya Introduction ni kavu na imebanwa, drams zinasikika kama zinapigwa chumba cha pili, na gitaa linakwaruza mahali ambapo pengine mpigaji hakukusudia likwaruze. Wapo wanaoipenda kwa sababu hiyo hasa. Mimi naona ni ushahidi: tunasikia humo bei halisi ya kutaka kusema jambo bila mfadhili.

Santuri ya tatu, Lazy Bones!!, ilitoka mwaka 1975 na ilirekodiwa Nairobi, mji uliokuwa na studio na viwanda vya santuri kuliko mahali pengine popote katika eneo letu. Tofauti ni kubwa. Magitaa mawili yanajibizana bila kugombana, besi inatembea katikati yao, na Jagari anaimba kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona, kana kwamba anamweleza siri mtu mmoja ilhali ukumbi mzima unasikia. Nyimbo zenyewe ni fupi. Bendi za Ulaya za wakati huo zilipopata vifaa zilipenda kurefusha wimbo mmoja mpaka ujaze upande mzima wa santuri. WITCH walisema neno lao kwa dakika tatu au nne, wakanyamaza.

Sikiliza pia mpigaji wa drams. Roki ya Uingereza hukanyaga mapigo mawili mazito kwa zamu, kushoto na kulia, kama askari anayetembea. Katika santuri za WITCH, chini ya mapigo hayo kuna mengine madogo yanayokwenda kwa mafungu ya matatu, yakivutana na yale makubwa, sawasawa na ngoma kubwa na ngoma ndogo zinavyovutana katika uchezaji wa jadi. Hakuna aliyewaamuru kufanya hivyo mwaka 1974. Mkono uliojifunza kupiga meza na ndoo nyumbani ulikwenda nao studioni. Katika santuri ya Lukombo Vibes ya mwaka 1976 mvuto huo wa nyumbani unasikika waziwazi zaidi, na jina lenyewe limeanza kuchanganya lugha mbili.

Lawama kubwa iliyoelekezwa kwa Zamrock ni kwamba nyimbo zake nyingi, hasa za mwanzo, ziliimbwa kwa Kiingereza. Sisi wenye Kiswahili ni wepesi kulaumu. Yafaa tukumbuke kwamba Zambia ina makabila zaidi ya 70, na redio ya taifa ilitangaza kwa lugha saba za nchi pamoja na Kiingereza: Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kikaonde, Kilunda na Kiluvale. Kijana wa Kitwe aliyetaka kuimbia Kitwe, Lusaka na Livingstone katika safari moja angechagua lugha gani? Akichagua Kibemba, Mlozi angeuliza kwa nini si Kilozi. Kaulimbiu ya taifa ilikuwa Zambia moja, taifa moja, na lugha rasmi ya taifa hilo moja ilikuwa Kiingereza. Kwa hiyo Kiingereza cha bendi kilikuwa kwa sehemu kubwa zao la siasa ya lugha ya nchi. Haitoshi kukiita kasumba na kumaliza. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kuwa lugha haikuwa na athari. Katika nyimbo zao za Kiingereza mara nyingi maudhui ni mapenzi ya mjini na huzuni ya kijana mpweke, mambo ya kweli lakini yaliyokwisha kusemwa na wengine. Wanamuziki wa Zamrock walipogeukia lugha za mama zao, mada zikabadilika pia: pombe, ndoa, wivu wa jirani, mazishi, mababu.

Badiliko hilo lilionekana mapema katika bendi nyingine. Musi-O-Tunya, iliyochukua jina la maporomoko ya Zambezi, yaani moshi unaonguruma, ilikuwa na Rikki Ililonga na Derick Mbao miongoni mwa wanamuziki wake. Vijana hao walihamia Nairobi, na huko wakarekodi santuri yao ndefu, Wings of Africa, iliyotoka mwaka 1975. Waliongeza ngoma za mkono na tarumbeta, wakaimba kwa lugha za Zambia, na magitaa yao yakafuata ngoma badala ya kuziongoza. Ni jambo la kufikirisha kwamba sauti hiyo ya nyumbani ilikomaa ugenini. Pengine mtu akiwa Nairobi huulizwa atokako mara nyingi kuliko akiwa Kitwe.

Mwaka huo huo wa 1975 bendi ya Amanaz ilitoa santuri yake iitwayo Africa. Mashabiki wengi huiona kuwa bora kupita zote za Zamrock. Ndani yake mna nyimbo laini zenye magitaa mapole na sauti za kuitikiana, zinazokaribia zaidi nyimbo za wananchi kuliko ngurumo za roki, na humo Kiingereza kimekaa kando ya Kinyanja na Kibemba. Paul Ngozi, naye, alikuwa na bendi iliyoitwa Ngozi Family. Mswahili akilisikia jina hilo hufikiri rangi ya mwili au kiatu, lakini kwa Kinyanja ngozi ni hatari, ni ajali. Jina lilimfaa, kwa maana gitaa lake lilivuma kwa ukali kuliko la mtu yeyote nchini, na nyimbo zake za Kinyanja zilizungumzia nyumba na majirani kwa kejeli ambayo hata bibi kizee angeicheka. Kampuni ya Zambia Music Parlour, iliyoanzishwa na mfanyabiashara Edward Khuzwayo, ilisaidia kuzieneza kazi nyingi za namna hii. Kwa hiyo kufikia katikati ya muongo ule, bendi zilikuwa na mahali pa kwenda ndani ya nchi.

Katika miaka hiyo ya 1970 Rais Kaunda alitoa agizo kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Zambia. Kaunda mwenyewe alikuwa mpiga gitaa. Wakati wa kupigania uhuru alisafiri kwa baiskeli akiwa na gitaa lake, na katika mikutano ya hadhara alizoea kuwaimbisha wananchi. Agizo lake halikutoka kwa mtu anayeuchukia muziki.

Nasi katika Tanzania tulikuwa tumekwisha kuupita mjadala huo. Tarehe 10 Desemba 1962, siku Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akawalaumu Waafrika waliojivunia kucheza rumba na twisti huku hawajui ngoma za kwao. Mwaka 1969 muziki wa soul wa Wamarekani Weusi ulipigwa marufuku katika mji wa Dar es Salaam. Lakini katika mji huo huo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, bendi iitwayo Sunburst ilipata umaarufu kwa kuchanganya roki, soul na midundo ya hapa petu, mchanganyiko ambao wenyewe waliuita Kitoto. Sunburst ilikwenda Zambia, na santuri yake Ave Africa ikatoka huko mwaka 1976. Mwalimu wa historia anaweza kuwauliza wanafunzi wake swali gumu kuhusu safari hiyo: kwa nini bendi ya Dar es Salaam ilipata santuri yake ndefu nje ya nchi? Jibu moja ni kwamba wakati ule Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri.

Tukirudi kwenye agizo la Kaunda, watu wa siku hizi hulicheka kwa urahisi. Mimi sioni kama linastahili kicheko. Bila nafasi redioni, santuri ya bendi ya Kitwe ingeshindana na santuri za London zilizotengenezwa kwa mitaji mikubwa, na ingeshindwa kabla haijasikika. Asilimia 95 iliwapa wanamuziki wa nyumbani wasikilizaji, na wenye maduka sababu ya kuweka kazi zao rafuni. Walakini agizo lilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, lilihesabu pasipo kueleza kinachohesabiwa. Je, roki iliyopigwa na Mzambia kwa Kiingereza ni muziki wa Zambia? Hesabu haikuweza kujibu, na kadiri miaka ilivyokwenda jibu la wengi likaelekea kwenye muziki wa kalindula, wenye asili ya Luapula na jirani zake, unaoitwa kwa jina la chombo chake cha besi. Kalindula ilitiwa umeme, ikapendwa mno katika miaka ya 1980, na bendi kama Serenje Kalindula na Amayenge zikapata jina. Ukiyasikiliza magitaa ya kalindula kwa makini utaona kwamba wapigaji wake hawakuanzia patupu. Zamrock ilikuwa imekwisha kuwaonyesha namna ya kuyapanga magitaa ya umeme juu ya ngoma. Kasoro ya pili nitaitaja baadaye, kwa sababu madhara yake yalichelewa kuonekana.

Pigo la kwanza kwa Zamrock lilitoka sokoni. Bei ya shaba ilifika kilele mwezi Aprili 1974, kisha ikaanguka, na mwaka 1975 ilikuwa chini ya nusu ya kilele hicho. Mafuta nayo yalikuwa yamepanda bei tangu mwaka 1973. Nchi iliyoishi kwa shaba ikakosa fedha za kigeni, na nyuzi za magitaa, spika na malighafi ya santuri vyote hununuliwa kwa fedha za kigeni. Mchimbaji aliyekuwa akitoa kiingilio cha ukumbini kila mwisho wa mwezi sasa alihesabu unga.

Pigo la pili lilikuwa vita. Zambia iliwapa hifadhi wapigania uhuru wa Zimbabwe, Namibia, Angola, Msumbiji na Afrika Kusini, ikalipa gharama yake. Mpaka wake na Rhodesia ulifungwa mwezi Januari 1973, na shaba ikategemea zaidi barabara, kisha reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Mwaka 1978 na 1979 majeshi ya Rhodesia yalishambulia ndani ya Zambia, hata mjini Lusaka. Taa zilizimwa usiku, watu wakakatazwa kutembea baada ya giza. Maonyesho ya bendi yakahamia mchana. Muziki uliozaliwa kwa ajili ya usiku, unaotaka mtu asahau saa ngapi, ukapigwa kwenye jua la saa tisa ili watu wawahi kurudi nyumbani. Mwaka huo wa 1978, katika uvamizi wa Rhodesia, aliuawa pia Alick Nkhata, yule aliyezipangia gitaa nyimbo za jadi katika redio ya Lusaka. Alikuwa shambani kwake Mkushi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Kanda zilienea, na mtu mmoja mwenye mashine mbili za kunakilia aliweza kuuza kazi ya bendi nzima bila kumlipa mtunzi hata senti. Disko ikaingia, na mwenye ukumbi akaona kwamba kijana mmoja na santuri zake hugharimu chakula kidogo kuliko watu sita na vyombo vyao. Jagari aliiacha bendi, akasomea ualimu wa muziki katika Chuo cha Evelyn Hone mjini Lusaka, akawa mwalimu. Bendi iliendelea bila yeye, ikibadilisha watu na sauti. Mwaka 1980 ilitoa Movin' On, na mwaka 1984 santuri yake ya mwisho ya kipindi hicho, iitwayo Kuomboka.

Kuomboka ni sherehe kuu ya Walozi. Maji ya Zambezi yanapojaa bondeni, mfalme wao, Litunga, hutoka Lealui kwa mtumbwi mkubwa wenye mistari myeusi na myeupe, ngoma za kifalme zikilia, akahamia Limulunga kwenye nchi ya juu. Tungetarajia santuri yenye jina hilo iwe ya jadi kuliko zote. Kinyume chake, ndiyo yenye disko na vinanda vya umeme kuliko zote, na ukiisikiliza bila kuona jalada ungeweza kudhani imetoka Marekani. Ile ya mwaka 1975, iliyojaa Kiingereza na makelele ya roki, ina ngoma nyingi zaidi za nyumbani ndani yake. Nimewahi kutumia jozi hiyo ya santuri kupima hoja za watu kuhusu kipi ni cha asili na kipi ni cha kuiga, na sijaona kipimo kizuri zaidi.

Kisha ukaja ugonjwa wa UKIMWI, uliogunduliwa Zambia mwaka 1984. Wanamuziki wengi wa kizazi hicho walikufa katika miaka ya 1980 na 1990, wakiwa bado katika umri wa kufanya kazi. Paul Ngozi alifariki mwaka 1989. Mwaka 1990 Jean Bosco Mwenda naye alifia katika ardhi ya Zambia, kwa ajali ya gari. Kati ya wanamuziki waliounda WITCH, Jagari ndiye aliyebaki hai peke yake. Kwa muda alijishughulisha na uchimbaji wa vito, na wengi wa wanafunzi waliokuja shuleni baada ya hapo hawakuwahi kulisikia jina la Zamrock.

Hapa ndipo ilipo kasoro ya pili ya lile agizo. Lilisema nini kipigwe, halikusema nani atunze. Santuri za mwanzo zilizotolewa kwa nakala chache zilipasuka, zikapotea, au zikauzwa na warithi wasiojua thamani yake. Nyingine zilinunuliwa na watoza kutoka Ulaya na Marekani, ambako nakala moja nzima ya asili huuzwa kwa mamia ya dola. Wakati kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ilipokusanya na kutoa upya kazi zote za WITCH, mwaka 2012, ilitegemea kwa sehemu kubwa nakala na kumbukumbu za watu binafsi. Kampuni ya Strut ya London ilifanya hivyo hivyo kwa Sunburst mwaka 2016. Tuwashukuru waliofanya kazi hiyo. Lakini mwanafunzi wa Dar es Salaam au wa Ndola anayetaka kusikia muziki wa mji wake wa mwaka 1974 amelazimika kuununua London.

Filamu kuhusu bendi hiyo ilitoka mwaka 2019, na Jagari akapata wasikilizaji wapya katika majukwaa ya Ulaya na Marekani, akisaidiwa na vijana wa Kizungu waliojifunza nyimbo zake kwenye santuri zilizotolewa upya. Hao nao walianza kwa kuiga, neno kwa neno, kama yeye alivyomwiga Jagger. Mwaka 2023, miaka 39 baada ya Kuomboka, ilitoka santuri mpya ya WITCH iitwayo Zango. Ilirekodiwa Lusaka. Patrick Mwondela, mpiga kinanda wa bendi katika miaka yake ya disko, alikuwamo, na miongoni mwa walioimba ni Sampa the Great, mwimbaji wa kufokafoka aliyezaliwa Zambia wakati Zamrock ilikuwa imekwisha kunyamaza. Jagari, aliyezidi umri wa miaka 70, anaimba humo kwa Kiingereza na kwa lugha za nyumbani pia.